"Injini si ipo, mwalimu?" Dhana potofu kuhusu kuigiza hitilafu ya injini

"Mwalimu, tunaigiza tu. Injini ipo, ukiitaka unairudisha." Maneno haya nimeyasikia kwa wanafunzi wa ndege za injini mbili mpaka sasa nayajibu kabla hayajamalizika. Kinachoniudhi ni kuwa wasemaji si wageni wa angani. Ni marubani wenye leseni, na baadhi yao wanataka nao wawe wakufunzi.

Dhana: Injini ya kuigiza haina hatari ya injini iliyokufa kweli

Ndege haijui kuwa unaigiza. Ukivuta throto (liva ya nguvu) ya kushoto hadi mwisho, propela ya upande huo inageuka kuwa breki: upepo ndio unaoizungusha, na ukinzani wake unazidi kwa mbali ule wa propela iliyolazwa mapanga yake yakakata upepo kwa ukingo. Injini ingekufa kweli, ungeilaza. Hapa hujailaza, kwa hiyo umejitia katika hali mbaya kuliko ile unayodai kuiigiza. Kwa sababu hiyo kuna kipimo cha msukumo sifuri: nguvu kidogo inayoachwa kwenye injini "iliyokufa" ili propela yake isivute wala isizuie. Kipimo hicho kimo katika kitabu cha ndege husika. Hakikisiwi.

Machi 22, 2010, huko Darwin, Australia, marubani wawili walikuwa wakifanya zoezi hili katika Embraer Brasilia mara baada ya kupaa. Liva ya injini ya kushoto ilirudishwa hadi mwisho wa chini unaoruhusiwa angani, badala ya kuwekwa kwenye msukumo sifuri. Wachunguzi walieleza kuwa hilo lilikuwa sawa na injini kufa na, papo hapo, mfumo wa kuilaza propela wenyewe nao kukataa kazi. Ndege ikapinduka na wote wawili wakafa. Injini ilikuwapo.

Mei 30, 2017, Renmark, Australia hiyo hiyo, Cessna Conquest ilianguka katika zoezi la namna hiyo na watu watatu wakafa. Tangu zoezi lianze hadi ndege iwashinde zilipita takriban sekunde 40. Hakuna ubovu wa ndege ulioonekana. Kitabu cha ndege hiyo kilishauri zoezi lifanyike kwenye futi 5,000 juu ya ardhi. Wao walikuwa chini sana ya hapo.

Sasa tuje kwenye hilo la "kuirudisha". Kasi ikishashuka chini ya Vmc, yaani kasi ndogo kabisa ambayo usukani bado unaidhibiti ndege yenye injini moja, na injini nzima (ile inayofanya kazi) ikiwa kwenye nguvu zote, pua inakimbilia upande wa injini mfu na bawa la upande huo linaanguka. Dawa ya kwanza ni kupunguza nguvu ya injini nzima na kushusha pua, jambo ambalo mkono wa mtu mwenye hofu haulitaki kabisa karibu na ardhi. Ukiisukuma ghafla ile iliyovutwa, huku mwanafunzi bado amekaza pedali hadi sakafuni, ndege itajitupa upande wa mguu wake. Na kama amekanyaga pedali isiyo yake? Jaribu kuuinua mguu wa kijana aliyeogopa.

Kwa hiyo masharti yangu yanajulikana kabla hatujapanda. Siigizi hitilafu chini ya futi 400, sikati mafuta karibu na ardhi, na pua ikiacha mwelekeo kwa digrii 10 au kasi ikishuka chini ya mstari wa buluu (kasi bora ya kupanda kwa injini moja), zoezi limekwisha bila mjadala. Wapo wanaoniita mwoga. Sawa.

Dhana: Injini ya pili itakupandisha tu

Hili huletwa zaidi na wazazi wanaolipa ada. Kupoteza nusu ya nguvu hukupokonya asilimia 80 au zaidi ya uwezo wa kupanda. Piper Seminole iliyojaa uzito, ikibaki na injini moja, ukomo wake wa kupanda ni kama futi 3,800. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko juu ya futi 5,500, na alasiri ya nyuzijoto 25 hewa yake ni nyembamba kama ya karibu futi 8,000. Fanya hesabu mwenyewe. Mombasa au Dar es Salaam, ndege hiyo hiyo itajikongoja juu kidogo.

Dhana: Vmc ni ule mstari mwekundu, basi

Mstari huo wa kwenye kipimo cha kasi ulipatikana kwa kuinamisha ndege hadi digrii 5 kuelekea injini nzima. Ukiweka mabawa sawa, Vmc inapanda, yaweza kufika noti 3 kwa kila digrii uliyoipoteza. Kwa injini zisizo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa), inashuka kadiri unavyopanda, ila kasi ya stoli, ile ambayo chini yake mabawa hayabebi tena, haishuki nayo kwenye kipimo. Juu ya Nairobi mbili hizi zaweza kukutana, na stoli yenye injini moja inayovuta ni mlango wa spini, yaani kuanguka huku ndege ikizunguka. Onyesho la Vmc lifanyiwe juu, na likome kwenye dalili ya kwanza.

Dhana: Simuleta ni mchezo

Mashine hiyo ya ardhini inayoigiza urukaji ndipo mahali pekee pa kukata injini kwenye futi 50 na kufanya makosa yote. Anayeidharau kwa kawaida hajawahi kuanguka ndani yake.

Dhana: Rubani hodari ni mwenye mikono mepesi

Februari 4, 2015, ATR 72 iliyotoka kupaa Taipei ilipata hitilafu upande wa kulia, propela ikajilaza yenyewe. Rubani akaizima injini ya kushoto, iliyokuwa nzima. Wakafa watu 43. Dhibiti mwelekeo kwanza kwa pedali. Mguu usio na kazi ndio ulio upande wa injini isiyo na kazi. Itaje kwa sauti, mwenzako akubali, kisha vuta throto yake polepole. Ndege isipobadilika, ndiyo yenyewe.