"Amelala tu, anapumzika": maswali kuhusu mtoto anayeharisha

Mvua zikianza huku Mtwara na maembe yakiiva, benchi la zahanati linajaa watoto wanaoharisha, na kila siku naulizwa maswali yale yale.

Ni kweli mwili una namna yake ya kujikinga, mbali na chanjo na dawa?
Kweli. Kinyaa ni kinga: harufu ya choo inakufukuza kabla hujagusa. Kutapika na kuharisha hutoa baadhi ya vijidudu. Mgonjwa hukosa hamu ya kula na kutaka kulala, nguvu ziende kwenye kupambana na ugonjwa.

Na wanyama?
Nao wanazo. Ng'ombe hukwepa nyasi zilizo karibu na kinyesi. Kambakoche wa bahari ya Karibi hulala pamoja pangoni, lakini humkwepa mwenzao aliyepata virusi hata kabla hajaweza kuambukiza. Hapa kwetu, mwaka 1987 kule Mahale, Kigoma, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mtanzania Mohamedi Seifu walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya mti mchungu unaoitwa mjonso na kufyonza maji yake. Alipata nafuu. Tafadhali msije mkaniambia basi mtoto naye achemshiwe mizizi. Sokwe yule hakuwa na zahanati.

Kama kuharisha ni kinga, si tumwache atoe uchafu wote?
Hapana. Kinachotoka si uchafu peke yake, ni maji na chumvi za mwili, na mtoto mdogo hana akiba. Anayeua ni ukavu. Kinga hii ina gharama, na mtoto anailipa haraka kuliko mtu mzima.

Lakini akinywa anaharisha zaidi.
Mpe anywe. Kumnyima maji hakuzuii kuharisha, kunamkausha tu. Koroga pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, na ikipita siku moja mwaga, koroga nyingine. Kila akiharisha, aliye chini ya miaka miwili apate robo hadi nusu kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kijiko kwa kijiko. Ziwa asikatazwe hata kidogo, na anayekula aendelee kula. Tutampa pia vidonge vya zinki, avimalize hata kama kuharisha kumekoma. Kama pakiti haipo nyumbani, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, pima bila kuzidisha, umpe huku mnakuja.

Mtoto amelala kutwa nzima. Si anapumzika?
Hili ndilo linalonitoa jasho. Bibi anasema "mwacheni, amelala", mama anaogopa kumbishia bibi, na jioni analetwa macho yameingia ndani, analia bila machozi. Shikamoo bibi, lakini hapana. Anayepumzika, ukimwamsha anaamka, anakutazama, anataka kunywa. Usiyeweza kumwamsha, au ananyanyuka kama kitambaa na kushindwa kunywa, hapumziki. Amekauka. Finya ngozi ya tumbo uachie: ikichelewa kurudi, inuka umlete. Usisubiri baba arudi kutoka kwenye mikorosho. Damu kwenye choo, mlete. Choo kama maji ya mchele, mlete upesi, huenda ni kipindupindu. Ana homa, mlete apimwe malaria.

Narudia, kwa sababu kesho nitaulizwa tena: mtoto anayeharisha, ambaye haamki vizuri, hajalala.

Wanasema ni meno tu.
Kila mtoto huota meno. Meno hayamkaushi mtu. Na anayewaambia akang'olewe "meno ya plastiki", yaani meno machanga yaliyo bado ndani ya ufizi yanayosingiziwa ugonjwa, anawaongezea kidonda juu ya ugonjwa.

Maji yetu yanaonekana masafi kabisa.
Hapo ndipo kinyaa kinatudanganya, kinaona tope na kunusa uvundo, vijidudu hakivioni. Najua maji ni shida vijijini na ndoo ina bei. Hata hivyo ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na sabuni isikose kila utokapo chooni na kila umalizapo kumsafisha mtoto.

Ikitokea usiku, tusubiri kukuche?
Msisubiri. Bodaboda apigiwe hiyo hiyo saa, ORS iwe mkononi, na akiwa bado anaweza kumeza mnampa kijiko kila mnaposimama. Mkifika, gongeni mlango kwa nguvu. Hakuna atakayewalaumu kwa kuamshwa.