Mtoto akishikwa na degedege, kijiko kiache jikoni

Sisi wa wodi ya watoto hapa Kisumu, mzazi akiingia mbio saa nane usiku na mtoto begani, mara nyingi tunajua stori kabla hajaongea. Mtoto alikuwa na joto jioni, akakula kidogo akalala, mara macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa, akaanza kurusha mikono na miguu na povu likamtoka. Tukifungua mdomo tunapata fizi imechanika ama jino limelegea, hapo tunajua kijiko kimepita.

Wacha tuanze na hicho kijiko. Watu wanaogopa ati mtoto atameza ulimi, lakini ulimi haumezeki, umeshikwa huko chini kabisa, na chenye unafanya ukilazimisha chuma katikati ya meno ni kuvunja jino ambalo linaweza kuteleza likaingia kwenye njia ya hewa. Kidole pia usiweke, ataking'ata na hatajua. Kitunguu puani, mafuta ya taa, maji baridi ya beseni, kumbana kwa nguvu ndio aache kutetemeka, hizo zote wacha, na jirani akianza mambo ya jicho mwambie mtaongea kesho.

Kazi yako saa hiyo ni ndogo, na najua ndio maana ni ngumu. Mlaze kwa ubavu mahali tambarare mbali na jiko, legeza nguo shingoni, povu na matapishi yajitokee yenyewe, halafu angalia saa. Hiyo saa ni muhimu sana, juu mzazi ataapa ilikuwa nusu saa na pengine ni dakika 2, na sisi dawa tunaamua kwa huo muda. Kama kuna mtu mwingine kwa nyumba arekodi na simu tuone kama ni mwili wote ama upande mmoja. Nyingi huisha zenyewe kabla ya dakika 5. Ikipita hapo bado anatetemeka ni emajensi, anahitaji dawa ya kuizima, mara nyingi ni diazepam inapitishwa njia ya haja kubwa, kwa hivyo anza safari hata kama haijaisha.

Tuktuk ni afadhali kuliko boda, unampakata kwa ubavu ukimwangalia uso. Kama ni boda tu iko, usimbebe mgongoni na usimfunike gubigubi na shuka, huwezi jua kama anapumua. Na usimpe maji wala Panadol ya mdomo mpaka aamke vizuri.

Ukifika getini usikae foleni ya kadi, sema kwa sauti mtoto ana degedege. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo mambo ya pesa yatafuata.

Sasa kuna wazazi wanaona imeisha, mtoto amelala, wanarudi kitandani. Hapana. Ni kweli degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na ile ya kawaida haiharibu akili, lakini hapa kwetu kando ya ziwa malaria kali inaanza hivyo hivyo, na homa ya uti wa mgongo pia, na sukari ikishuka pia, na kwa macho huwezi zitofautisha, hata mimi siwezi. Ndio maana tunamdunga kidole tupime malaria na sukari usiku huo huo. Tukiomba kutoa maji ya mgongo tupime hiyo homa ya uti wa mgongo, wengi wanakataa wakisema atapooza, lakini sindano inaingia chini ya pale ile kamba ya neva ndani ya mgongo imeishia. Tuambie pia dawa yoyote alipewa nyumbani ama dukani, hatutakugombeza (sawa, pengine kidogo).

Karibu mtoto 1 kati ya 3 hurudiwa akipata homa nyingine. Panadol itampunguzia joto na maumivu lakini haizuii degedege, so usijilaumu ati ulichelewa kumpa. Kwa malaria kuna neti, na kuna chanjo iliyoanza huku magharibi 2019. Dozi ni 4, na ile ya mwisho inakuja mtoto ashaanza kukimbia na mama ashasahau kliniki, kwa hivyo fungua kitabu chake uangalie kama imeandikwa.