Je, wajua? Mengo haikuwa kitongoji cha Kampala

Kwa miaka mingi kila mgeni niliyepita naye Mengo nilimwambia kwamba hicho ni kitongoji cha zamani cha Kampala, jiji lilipokua likakimeza. Nilisema bila kusita, nikionyesha kwa kidole jengo la Bulange, bunge la ufalme wa Buganda. Nusu ya maneno yangu ilikuwa kweli: Mengo ilimezwa. Ila ilipomezwa haikuwa kitongoji cha mtu.

Tuanze na nani alitangulia. Kapteni Lugard, Mwingereza, alipofika Desemba 1890 na kujenga ngome yake, ambapo Kampala ilianzia, kwenye kilima kidogo kilichojulikana kwa swala wake, impala, Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga alikuwa tayari na ikulu kilima cha jirani, Mengo. Kuizunguka ikulu kulikuwa na nyua za machifu na watu wengi. Waganda waliuita mji huo kibuga, yaani makao makuu ya Kabaka. Ungeuliza mwaka ule kitongoji ni kipi, ungeonyeshwa kambi ya Mwingereza. Na leo neno lilelile, ekibuga, ndilo Kiganda kinalotumia kwa mji wowote, Kampala ikiwemo. Yaani "kitongoji" ndicho kilichompa mkubwa wake cheo.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba miji hii miwili iliungana kidogo kidogo, kama vijito. Wapi! Miaka yote ya ukoloni iliishi ubavu kwa ubavu, kila mmoja na wakubwa wake. Kampala ilifuata kanuni za serikali ya kikoloni, ambayo yenyewe ilikaa Entebbe, karibu kilomita 40 kutoka hapo. Mengo ilikuwa chini ya serikali ya Kabaka na Lukiiko lake, yaani baraza lake, juu ya ardhi ya mailo, ardhi ya watu binafsi iliyogawiwa kwa Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Ukivuka bonde, umebadilisha serikali.

Sasa mbona watu walijazana upande wa pili, Katwe na Kisenyi, hadi pakaonekana kama kiunga cha Kampala? Chukua soko lenye uzio. Ndani kuna ushuru, vipimo vya kibanda, askari wa soko. Nje ya uzio, hatua tatu tu, mama ametandaza gunia na kupanga mafungu ya nyanya. Wateja wake ni walewale wa soko, na soko likifungwa naye atakunja gunia. Lakini sokoni hayumo, na askari hana la kumwambia. Uzio ambao ungedhani unamnyima riziki ndio unaompa.

Kampala ya kikoloni ilikuwa soko hilo. Masharti ya ujenzi yalikuwa makali, viwanja ni vya kukodi kutoka serikalini, na mpango mzima haukumfikiria sana Mwafrika wa kipato kidogo. Kibarua alifanya kazi ndani ya uzio, akalala nje, ambako alipata chumba cha kupanga kwenye ardhi ya mailo. Mwenye ardhi naye akapata kodi yake. Hata hivyo nisiufanye uzio kuwa sababu ya kila kitu. Wapo waliokaa Mengo kwa sababu tu ndiko aliko Kabaka, na hao hata Kampala isingejengwa wangekuwapo.

Mwisho wa miji hii kuishi kando kando uliletwa na siasa. Mei 1966 jeshi la Obote, kiongozi wa Uganda, lilivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni. 1967 falme zikafutwa. 1968 mipaka ya Kampala ikapanuliwa, Mengo ikawa ndani.

Lakini ukisogeza uzio, mama wa nyanya naye husogeza gunia. Jiji la leo lina takriban kilomita za mraba 189, na nje ya mstari tu ziko Nansana, Kira na Makindye-Ssabagabo, manispaa tatu za wilaya ya Wakiso. (Makindye nyingine imo ndani ya Kampala. Muulize dereva vizuri.) Sensa ya 2014 ilihesabu watu 1,507,080 Kampala na 1,997,418 Wakiso. Uwanja wa Namboole na mahali pa hija pa Namugongo viko Kira, ingawa wageni wengi huondoka wakiamini wamekuwa Kampala. Muswada wa Kampala wa 2009 ulipotaka kuvuka mpaka, Mengo, yaani uongozi wa Kabaka uliorejeshwa baadaye, ilikuwa na kumbukumbu ndefu na ikaupinga vikali. Sheria ya 2010 ikaacha mpaka palepale.

Makonda wa teksi wao wana ramani yao. Pale Ntinda, ndani kabisa ya mipaka ya jiji, huita "Kampala! Kampala!" na sijawahi kusikia abiria akiwajibu kwamba ameshafika.