Mwaka uliochorwa kwenye tangi si lazima uwe mwaka maji yalipofika

Baadhi ya miji midogo ya mashambani huwa na tangi la maji juu ya mnara, lililochorwa picha: kisima, ndoo, labda na mwaka kwa tarakimu kubwa. Wengi huamini huo ndio mwaka mji ulipoanza kupata maji. Inaeleweka; picha iko juu, kila mpita njia anaiona.

Ila rangi huja baadaye. Tangi la chuma hupakwa upya mara kwa mara lisiliwe na kutu, na mchoro unaweza kuongezwa hapo. Mwaka huo huenda ni wa kuanzishwa mji, wa kujengwa tangi, au wa mchoro wenyewe. Na watu hawakukaa na kiu wakisubiri mnara: visima, chemchemi na maji ya mvua vilitangulia. Mnara uliongeza presha mabombani, takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha) kwa kila mita 10 za kimo.

Ukitaka kuhakiki, tazama maungio ya chuma. Safu za ribiti (pini za chuma zenye vichwa vya mviringo zinazounganisha mabati) huashiria tangi la zamani, kabla uchomeleaji haujatawala katikati ya karne ya 20. Tafuta pia kibati cha mtengenezaji karibu na ngazi (usipande!), kisha linganisha na ramani za kale, picha za angani na mihtasari ya vikao vya halmashauri.