Banda la kuku huvunjiwa kwenye maungio

Mtu akinipeleka kuona banda lake jipya la kuku, kwa kawaida huanza kunisifia kuta: mbao nene, mabati mapya, rangi bado inanukia. Mimi macho yangu yako kwenye pembe, chini ya mlango, na pale paa linapokutana na ukuta. Mnyama anayekula kuku hana haja ya kushindana na ubao. Huzunguka banda akinusa, akasukuma kwa pua, akajaribu kwa kucha, na akipata palipolegea kidogo tu, hapo ndipo anapoanzia kazi. Kwa hiyo unapochora ramani ya banda usianze na kuku. Anza na huyo anayezunguka nje saa nane za usiku.

Nasema usiku kwa sababu giza likishaingia kuku hana ujanja. Haoni vizuri, ameng'ang'ania ufito wake, na hata jirani yake akinyakuliwa yeye mara nyingi hubaki palepale. Ndiyo maana mtu huamka akakuta kuku wote wameuawa na ni wawili tu walioliwa, akadhani mnyama yule ana kisasi naye. Hakuna kisasi hapo. Mwaka 1972 mtafiti wa wanyama Hans Kruuk aliandika kuhusu tabia hii ya wala nyama kuua kupita mahitaji yao, akitoa mifano ya mbweha walioua shakwe wengi kwenye viota vyao katika usiku wa giza totoro, na fisi walioua swala kwa makumi. Mnyama aliyeshiba huacha kutafuta mawindo, lakini windo likiwa mbele ya mdomo wake na halikimbii, kuua hakukomi. Sasa fikiria banda: ni chumba ambacho windo haliwezi kukimbia. Tundu moja linaweza kukugharimu kuku wote kwa usiku mmoja.

Tuanze na wavu, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Waya wa kuku, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie si kazi yake. Mbwa mwenye nguvu anaupasua kwa meno, na mnyama mwenye vidole vyepesi kama rakuni, yule mla-vyote wa Amerika, anapenyeza mkono na kumvuta kuku aliyeegemea wavu, kiungo kimoja kimoja. Mimi nautumia kutenganisha vifaranga na wakubwa, na basi.

Sehemu wanayolala inataka weldimeshi ndogo: wavu wa chuma wa matundu ya mraba uliochomelewa kwenye kila makutano, tundu lisilozidi milimita 13, waya wenye unene wa milimita 1 hivi. Kipimo hicho kina sababu. Kicheche mwembamba hupenya kwenye tundu la sentimita 2.5. Panya mkubwa hujibana akapita kwenye sentimita 2, na watoto wake hata pungufu ya hapo. Panya wadogo wa nyumbani hutawazuia kwa wavu huu, hao wanapita penye upana wa kalamu ya kuandikia, lakini wanachofuata ni chakula cha kuku, si kuku. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua wavu uliochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa, kwa sababu ule uliochovywa kabla huanza kutu palepale kwenye makutano, na baada ya misimu michache unaachia ukiguswa.

Halafu, unaubana na nini? Mabanda mengi mazuri huharibikia hapa. Fundi anachukua bunduki ya stepo, zile pini za chuma za miguu miwili, anapiga haraka haraka, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha, nawe unaona wavu umenyooka vizuri. Ingia ndani uusukume kwa gumba karibu na nguzo. Utaona miguu ya stepo inainuka. Hilo ni gumba lako. Mbwa anakuja na uzito wake wote juu ya miguu miwili ya mbele, na stepo ya kwanza ikitoka, ya pili hubeba mzigo wa mbili. Mimi natumia skrubu na washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu katikati. Skrubu inapita katikati ya tundu, washa inakandamiza nyaya za pande zote nne, na baada ya kila sentimita 10 naweka nyingine. Juu yake napigilia ufito mwembamba kufunika ukingo, ili ncha ya wavu isipatikane kwa ukucha. Na wavu unakaa upande wa nje wa nguzo. Wengi huuweka ndani kwa sababu unapendeza zaidi, lakini hapo anayesukuma kutoka nje anasaidiwa na banda lenyewe: kila msukumo unang'oa. Ukiwa nje, kila msukumo unaukandamiza kwenye mbao. Vipande viwili vikutane juu ya ubao, si hewani. Kama hapana budi vikutane hewani, vipandane angalau sentimita 5 na uvishone kwa waya.

Wanyama wanaochimba wanahitaji mpango wao. Wapo wanaozika wavu wima sentimita 30 hadi 45 chini ya ukuta, na inafaa kama udongo ni laini na mgongo wako bado mzima. Mimi napendelea kuulaza: wavu unashuka ukutani, ukifika chini unakunjwa kwenda nje na kulala juu ya ardhi kwa sentimita 45 hadi 60, kama sketi kuzunguka banda lote. Unaupigilia kwa vigingi, unautupia udongo, nyasi zinaota ndani yake na baada ya muda huuoni tena. Wavu huo unafaa kwa sababu ya namna mnyama anavyochimba. Huanzia mguuni kabisa mwa ukuta, akikutana na waya husogea kushoto au kulia akajaribu tena, na hapati wazo la kurudi nyuma nusu mita ili aanzie mbali. Angalizo moja tu: pale sketi inapokunjwa isiwe imekatwa. Ikibidi ukate, funga maungio hayo kwa waya kila penye mwanya, la sivyo umemjengea mlango.

Kama banda lina sakafu ya mbao, liinue. Na ukiliinua, liinue kweli: nusu mita kutoka ardhini, kiasi cha kuona hadi upande wa pili na paka kupita bila kuinama. Banda lililoinuliwa kwa unene wa tofali moja ni baya kuliko lililokaa chini kabisa, kwa sababu umewapa panya paa, giza na joto, na chakula kinadondoka kutoka juu. Kikulacho ki nguoni mwako. Panya huiba mayai na kuua vifaranga, lakini hasara yao kubwa ni ile wasiyoifanya wenyewe: mashimo yao hupitiwa na kicheche, na harufu yao huita nyoka. Nikiambiwa nyoka ameingia bandani, swali langu la kwanza huwa chakula kinahifadhiwa wapi. Kiwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko unaobana, maana plastiki hutafunwa, na chombo cha kulishia kitolewe bandani jua likizama. Kuku hali usiku.

Mlango mdogo wa kuku uwe wa kuteleza juu na chini ndani ya mifereji, na ukishuka ukae nyuma ya kizuizi cha mbao chini, ili pua au ukucha usipate pa kuunyanyulia. Milango mikubwa inahitaji komeo mbili, juu na chini, kwa sababu mlango wenye komeo moja katikati hupindika kwenye pembe na kuacha mwanya. Komeo la kusukuma tu halitoshi. Rakuni hulifungua, mbwa mwenye subira hulifungua kwa bahati. Weka lile linalohitaji vitendo viwili tofauti, kuinua kisha kuvuta, au ulipitishie pini yenye klipu. Kwenye bawaba hakikisha skrubu hazifikiwi kutoka nje. Mwanya chini ya mlango usizidi sentimita 1, na uupime mvua zikiisha, si siku ya kujenga tu, kwa sababu mbao hufura na kusinyaa.

Ukishaingiwa na hofu ya wanyama, kishawishi ni kuziba kila kitu, na hapo kuku wako wataugua kwa usalama wako. Kinyesi kinatoa amonia, pumzi zao zinatoa unyevu, na vyote vinahitaji pa kutokea. Kikomo kinachotajwa sana kwa amonia ni sehemu 25 kwa milioni. Zaidi ya hapo macho na njia za hewa za kuku huanza kuathirika. Huhitaji kipimo. Ingia asubuhi kabla hujafungua, inama hadi kimo cha vichwa vyao, na pua ikikuwasha banda halipumui. Matundu ya hewa yawe juu, chini kidogo ya paa, pande mbili zinazokabiliana, ili hewa chafu ipite juu ya vichwa bila kuwapuliza waliolala. Yote yafungwe kwa weldimeshi ileile, yakiwemo yale yaliyo juu kiasi cha kukufanya useme hakuna atakayefika huko. Kanu hufika, na nyoka hufika.

Ndani, kila kuku apate sentimita 20 hadi 25 za ufito wa kulalia, na fito ziwe juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na kuvichafua. Nafasi ya sakafuni, robo tatu ya mita mraba kwa kila kuku wawili inatosha kama wana uwanja wa kutokea mchana. Muhimu kwa mada yetu ni hili: ufito usikaribie upande wenye wavu, uwe umbali wa sentimita 30 au zaidi, na ukuta wa nyuma yao uwe wa mbao tupu. Kuku aliyeonekana hujaribiwa, na kuku aliyegusana na wavu hufikiwa.

Mchana maadui hubadilika, sasa ni mwewe na kipanga. Kwa hao unahitaji vitu viwili: kifuniko juu ya uwanja, hata wavu wa kamba unatosha, na pa kukimbilia. Hili la pili husahaulika. Jogoo ana milio tofauti ya hatari. Akiona ndege angani hutoa mmoja, na kuku huinama au kukimbilia kivuli. Akiona mnyama ardhini hutoa mwingine, na kuku husimama wima wakitazama huku na huku. Watafiti walishawachezea kuku sauti hizo kwa spika, bila adui yeyote kuwepo, wakafanya vivyo hivyo. Sasa jogoo akitangaza mwewe katikati ya uwanja mtupu, kuku waende wapi? Weka kichaka, meza kuukuu, au bati lililoegemezwa, kila baada ya hatua chache. Kama kuku wanabaki uwanjani hata usiku, wavu wa kamba hautoshi. Mpandaji anautafuna na kushuka.

Ukishapata hasara, usikimbilie kuziba kabla ya kusoma. Manyoya yaliyonyonyolewa yakiwa duara moja uwanjani: ndege mkubwa. Kuku hayupo kabisa, manyoya machache yakielekea kwenye ua: mbweha au mbwa aliyebeba. Wengi wameuawa kwa kuumwa shingoni, miili ipo: kicheche au jamaa zake, na tafuta tundu dogo kuliko unavyodhani. Kichwa hakipo na mwili uko ndani karibu na wavu: aliuawa kupitia wavu, hakuna aliyeingia. Mayai yametoweka bila hata ganda: fikiria nyoka. Maganda yaliyopasuka karibu na jiwe au mguu wa ukuta: nguchiro, ambaye hulishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha kinyumenyume katikati ya miguu ya nyuma hadi lipasuke. Mwagia majivu au unga mwembamba kuzunguka banda jioni, asubuhi usome nyayo.

Palipo na siafu, miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu, na usiache jani wala kamba ikigusa banda, maana hilo ndilo daraja lao.

Milango inayojifunga yenyewe, kwa saa au kwa kuhisi mwanga, naipenda na naiweka kila ninapoombwa. Chagua unaosimama ukigusa kitu njiani, usije ukambana kuku shingo. Uuweke ufunge nusu saa hivi baada ya jua kuzama, kwa sababu huwa yupo mmoja anayechelewa. Hata hivyo mlango haujui kuhesabu: ukifunga mmoja akiwa bado kichakani, banda limefungwa vizuri na yeye ni wa kuliwa. Pita na tochi uwahesabu kabla hujalala. Wa nje usimkimbize. Akishatulia gizani unamwinua tu kwa mikono miwili, unampandisha kwenye ufito, kisha unarudi kuangalia komeo zote mbili.