Je, wajua? Basenji si "mbwa mshenzi"

Basenji ni mbwa wa Kongo mwenye mkia uliojikunja kama pete na kipaji cha uso chenye makunyanzi. Kwa kawaida habweki, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wajue alipo. Kwa miaka mingi niliwaambia watu, tena kwa kujiamini, kwamba jina lake ni "mbwa mshenzi" ya Kiswahili iliyopindishwa na Wazungu. Nilikosea. Tusi lipo, ila mlengwa hakuwa mbwa.

Kwa Kilingala, basenji (au basenzi) ni wingi wa mosenji. Hiyo ba- ni ndugu ya wa- yetu: sisi watu, wao bato, sisi wana, wao bana. Basi basenji ni washenzi, yaani binadamu. Jina kamili ni mbwa na basenji, na hiyo "na" ya Kilingala hapa ni ya umiliki: mbwa wa washenzi, wa wanavijiji.

Tazama kazi ya "wa" ile ndogo. Mbwa mvuvi anavua. Mbwa wa wavuvi amejilalia ufukweni akingoja vichwa vya samaki. Sasa aje mgeni, ampende huyo wa pili, aandike daftarini neno la mwisho tu. Akifika kwao anatamba: "Nimeleta wavuvi mmoja." Ndivyo ilivyokuwa. Mbwa akadondoka njiani, wenye mbwa wakawa jina. Kisha Waingereza wakabandika s yao, basenjis: wingi juu ya wingi!

Neno lenyewe huenda lilisambazwa Kongo na misafara ya pwani ya karne ya 19, iliyopiga kambi Nyangwe na Kasongo, maana waungwana waliwaita watu wa bara washenzi. Ila tusikimbilie kusema Wazungu walilipata kwa Kilingala pekee: hata Kiswahili cha Lubumbashi, huko huko Kongo, husema batoto badala ya watoto, hivyo basenji lingeweza kutoka humo pia.

Mwaka 1895, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, mbwa hawa waliitwa teria (mbwa wadogo wa kuwinda) wa Kongo. Waliporejea hapo mwaka 1937 ndipo walikuwa basenji. Leo ukimwita mtu mosenji mjini Kinshasa, jiandae kwa ugomvi. Uingereza na Marekani, basenji huuzwa na cheti cha nasaba.