Mtoto Mdogo na Njia ya Shule: Atembee Umbali Gani?

Msimu wa kuandikisha watoto wa elimu ya awali na darasa la kwanza ukifika, wazazi hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: shule iko kilomita tatu kutoka nyumbani, mtoto ana miaka sita, je, ataweza? Kutembea ataweza. Watoto wa vijijini wametembea zaidi ya hapo miaka nenda rudi, na wengi wanaosoma makala hii walikuwa miongoni mwao. Lakini mtoto huyu akishafika anatakiwa akae darasani saa kadhaa, asikilize, ashike penseli, ahesabu, kisha arudi nyumbani akiwa mzima. Umbali unaofaa ni ule unaomwachia nguvu ya kufanya yote hayo leo, kesho na muhula mzima.

Ushauri wetu ni huu. Mtoto wa awali, wa miaka minne au mitano, asitembee zaidi ya robo saa kwenda, na asiende bila mtu mzima. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili asizidi nusu saa kwa mwendo wake mwenyewe, yaani kama kilomita moja na nusu, tena njia ikiwa salama. Akifikisha miaka minane au tisa, kilomita mbili hadi tatu anazimudu. Zaidi ya hapo, kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, tusimlaumu mtoto wala mzazi wake. Shule ndiyo iko mbali.

Tunapenda kupima kwa dakika kwa sababu kilomita humdanganya mtu mzima. Mtu mzima mwenye afya hutembea karibu kilomita tano kwa saa. Mtoto wa miaka sita ana hatua fupi, huchoka haraka, husimama kufunga kiatu, na kwenye mchanga au matope mwendo wake hushuka hadi kilomita tatu kwa saa au chini ya hapo. Zile kilomita tatu za mzazi, ambazo baba anazimaliza kwa dakika 36, kwake ni saa nzima. Kwenda na kurudi ni saa mbili kila siku, na safari ya kurudi mara nyingi ni ya jua kali la saa sita au saa saba mchana.

Kutembea kwenyewe ni kuzuri, na hatutaki mzazi yeyote aogope. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kwa siku. Mtoto anayetembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi anapata sehemu nzuri ya hizo, na akicheza mpira au kuruka kamba wakati wa mapumziko anazimaliza. Faida hugeuka hasara pale anapoondoka nyumbani bila kula. Wapo watoto wengi wanaotoka na njaa, wanatembea saa nzima, na chakula cha kwanza wanakipata wakirudi alasiri. Mtoto huyo akisinzia darasani haina maana kwamba ni mzito wa kuelewa. Kikombe cha uji kabla ya kutoka, au uji wa shuleni ambao wazazi wamekubaliana kuuchangia, humsaidia kuliko tunavyodhani.

Mzigo nao hupunguza umbali. Wataalamu wengi hushauri mkoba wa mwanafunzi usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa darasa la kwanza ana kilo 20 hivi, kwa hiyo mwisho wake ni kilo mbili hadi tatu. Sasa fikiria shule zisizo na maji ya bomba, ambako kila mwanafunzi huambiwa aje na kidumu. Maji ya lita tano yana uzito wa kilo tano, robo ya uzito wa mtoto mwenyewe, na bado ana ufagio mkononi na madaftari mgongoni. Tunawaomba walimu wakuu na kamati za shule wawaondolee kidumu watoto wa awali na wa madarasa mawili ya mwanzo. Madarasa ya juu yapangiwe zamu, au shule ivune maji ya mvua kwenye tangi.

Kuna jambo la saa ambalo halizungumzwi sana. Saa za Tanzania nzima husoma sawa, lakini jua haliamki pamoja nchi nzima. Mwezi wa Julai, jua la Dar es Salaam huchomoza karibu saa 12:35 asubuhi. Kigoma siku hiyohiyo huchomoza karibu saa 1:10. Mtoto wa Kigoma anayetakiwa awe mstarini saa 1:00, na nyumbani kwao ni mwendo wa saa nzima, anaondoka gizani na anatembea sehemu kubwa ya njia gizani. Giza ndipo palipo na mbwa, nyoka, watu wenye nia mbaya, na kwa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi, tembo na fisi. Shule za mikoa ya magharibi, na zile ambazo wanafunzi wake wadogo wanatoka mbali, zina sababu ya haki kabisa ya kuwaruhusu wadogo waingie baadaye kidogo. Kumchapa mtoto wa miaka sita kwa kuchelewa ilhali ametoka nyumbani kabla ya mapambazuko ni kumwadhibu kwa kosa la ramani. Tena ni njia ya haraka ya kumfanya mtoro, kwa sababu siku akijua amechelewa atajificha vichakani hadi wenzake watoke.

Usingizi nao ni wa kuhesabiwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana. Anayeamshwa saa kumi alfajiri ilibidi alale saa moja jioni. Nyumba ngapi zinaweza hivyo? Hili linawahusu pia wazazi wa mjini ambao hawatembezi watoto kabisa. Basi la shule linalomchukua mtoto wa awali saa kumi na moja alfajiri na kuzunguka naye mitaa yote linamchosha sawasawa na mwenzake wa kijijini, ila yeye anachoka akiwa amekaa.

Nyayo zinastahili kutazamwa. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu pale mtoto anapokanyaga udongo wenye kinyesi, kisha hunyonya damu tumboni na kumwachia upungufu wa damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu hupungukiwa pumzi kwenye njia ambayo wenzake wanaipita wakikimbizana. Anayevuka mto au bwawa kwa miguu, hasa maeneo ya Ziwa Victoria, yuko kwenye hatari ya kichocho. Viatu vya plastiki vya bei nafuu husaidia sana kuzuia safura, na dawa za minyoo na kichocho zinazogawiwa shuleni asizikose. Mzazi akiona mtoto anachoka njiani kuliko wenzake wa umri wake, ampeleke kituo cha afya akapimwe damu na choo kabla ya kumwita mvivu.

Mjini hesabu hubadilika. Shule inaweza kuwa mita mia sita tu, lakini katikati kuna barabara kubwa. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi bado hajaweza kukadiria vizuri mwendo wa gari linalokuja. Analiona liko mbali, anaingia. Kwa hiyo tunasema bila kusita kwamba mtoto wa awali au wa darasa la kwanza asivuke barabara ya magari yaendayo kasi bila mtu mzima, hata kama shule inaonekana kutoka mlangoni. Barabara inaweza kurekebishwa. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likiweka matuta, njia za waenda kwa miguu, alama na vivuko karibu na shule za msingi, na utafiti uliofuatilia kazi hiyo ulionyesha majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa karibu robo. Bodaboda haitoi jawabu. Watoto watatu au wanne waliopangwa mshikaki bila kofia ngumu wamekimbizwa kutoka kwenye uchovu na kuwekwa kwenye hatari kubwa zaidi, na polisi wa usalama barabarani wamekuwa wakikataza mara kwa mara kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa kwenye pikipiki.

Wenzetu wameweka viwango. Kanuni za sheria ya haki ya elimu ya India ya mwaka 2009 zinataka shule ya darasa la kwanza hadi la tano iwe ndani ya kilomita moja ya kutembea. Uingereza ina kipimo cha zamani, kilichokuwemo tayari katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1944: maili mbili, yaani kilomita 3.2, kwa mtoto wa chini ya miaka minane. Wapo wanaokitaja kipimo hicho kuonyesha kwamba kilomita tatu si kitu. Tukumbuke kazi yake ni kuamua nani apewe usafiri wa bure, na pale panapohitajika huchukuliwa kwamba mtoto anasindikizwa. Hakikuandikwa kwa ajili ya mtoto anayekatiza shamba la mtama peke yake.

Utafiti uliotugusa zaidi ulifanyika katika mkoa wa Ghor, Afghanistan, na kuchapishwa mwaka 2013. Baadhi ya vijiji vilipewa shule ndogo ndani ya kijiji, vingine vikasubiri. Ilionekana kwamba kila maili moja ya umbali ilishusha uandikishaji kwa karibu pointi 16 za asilimia, na wasichana waliathirika kuliko wavulana. Shule ilipoletwa kijijini, pengo kati ya wasichana na wavulana karibu likafutika. Wazazi wale hawakuwa wameikataa elimu. Walikuwa wamekataa njia.

Tanzania jawabu kama hilo lipo tayari, na lilianzishwa na wananchi wenyewe: shule shikizi. Kitongoji kilicho mbali kinajenga chumba kimoja au viwili, mara nyingi kwa tofali na nguvu za wakazi, watoto wa awali na wa madarasa ya chini wanasoma hapo, kisha wakipata miguu yenye nguvu wanahamia shule mama. Mwaka 2021, katika fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilitenga ujenzi wa madarasa 3,000 kwenye vituo shikizi. Kwa maoni yetu hakuna ujenzi wa elimu unaomfaa mtoto mdogo kuliko huo, mradi darasa lisiachwe bila mwalimu na bila choo.

Wakati mkisubiri jengo, anzeni na kupima. Mzazi atembee na mtoto kutoka mlangoni hadi darasani, saa ileile atakayokuwa akitoka, akiwa na mkoba wake, na mtoto ndiye aongoze mwendo. Tazama saa ya simu mwanzo na mwisho. Rudieni kipimo masika yakianza, maana korongo lililokauka Januari huwa mto Aprili, na siku ya mafuriko mtoto abaki nyumbani, mwalimu aarifiwe. Familia za njia moja zipange zamu ya mtu mzima mmoja kuwasindikiza wote. Dada wa darasa la tatu bado ni mtoto, asikabidhiwe wadogo zake watatu.

Njia ikizidi nusu saa kwa watoto wadogo wengi, kamati ya shule ipeleke barua kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa ofisa elimu wa kata. Iandikwe idadi ya watoto kwa kila kitongoji, umri wao, dakika walizopimwa, na mahali palipo hatari. Penye korongo lisilo na kivuko, nakala iende pia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barua yenye dakika na idadi ni rahisi kuingizwa kwenye bajeti ya halmashauri kuliko malalamiko ya mkutanoni, na ipelekwe mapema, kabla mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa.